Mdogo Wangu Ameniandikia Kifaransa

Mazoezi ya kufundisha yanaisha Ijumaa ijayo. Jumanne inayofuata napanda basi kwenda kwetu Lubumbashi. Sijafika nyumbani miaka miwili. Mwaka jana likizo ilinikuta sina nauli, na sisi wageni bumu hatupati, kwa hiyo mwaka huu nimesuka nywele za bloku nzima tangu mwezi wa pili, kuanzia twende kilioni mpaka rasta ndefu za mtu anayetaka kufika kiunoni. Tiketi ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha saikolojia ya elimu. Kanga za mama nimeshanunua Kariakoo. Kilichobaki ni jambo moja, nalo halinunuliki Kariakoo.

Wanaonifahamu hapa chuoni wananiita Mazembe. Silalamiki, ni jina la heshima kwetu, na tangu enzi za Fiston Mayele kutetemesha watu pale Yanga, Mkongo hapa Dar hana shida ya kutambulishwa. Shida ilikuwa mdomo wangu. Siku yangu ya pili nilikwenda kafeteria nikamwambia mama wa dirishani, kwa adabu zote, "Mama, naomba mayi." Akaniletea mayai mawili ya kuchemsha. Kwetu mayi ni maji. Nikayala mayai yangu bila maji, nikiogopa kufungua mdomo tena.

Ya pili ilitokea darasani. Nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, niko na swali." Darasa likacheka kabla ya kusikia swali lenyewe. Ya tatu ni pale mtu alipouliza kwetu ni wapi hasa, nikajibu Kenya. Kenya ni jina la komuni moja ya Lubumbashi, ndiko tulikozaliwa, ndiko mama anakouza dagaa sokoni. Nilichukua nusu saa kueleza, na bado jamaa aliondoka akiamini kwamba nimeghushi uraia.

Basi nikajifunza. Nilijifunza kwa hofu, na hofu ni mwalimu mkali. Nikaanza kusema "nina swali", "maji", "watoto wa hapa". Nikasikiliza taarifa ya habari redioni usiku huku nikirudia chini ya shuka. Ulipofika mwisho wa mwaka wa kwanza nilipata A ya Kiswahili, na wenzangu watatu waliozaliwa Temeke wakaja kuniomba madesa. Sikatai, nilijisikia mtu.

Sasa kuhusu mdogo wangu. Ana miaka 11. Nyumbani ananiita Yaya, maana kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa. (Mwenzangu wa chumbani alipomsikia kwenye simu akaniuliza kwa upole kama niliwahi kufanya kazi za ndani.) Mtoto huyu ndiye aliyekuwa ananitumia sauti kila Jumapili kwa simu ya mama: mvua imenyesha, umeme umekatika, kuku ya jirani imepotea. Mwezi wa tano alinitumia hii, na ninaiandika kama alivyosema:

"Yaya, utakuya siku gani? Batoto ya hapa banauliza kila siku. Mama anasemaka utaleta kitabu ya picha."

Nilikuwa nimekaa kwenye kimbweta, nimetoka kwenye semina ya sarufi, kichwa kimejaa ngeli. Nikamjibu hapohapo, huku nacheka: "Sema *utakuja*. Sema *watoto wa hapa wanauliza*. Sema *mama husema*. Kitabu *cha* picha, siyo kitabu ya picha. Wewe mtoto, Kiswahili gani hicho?"

Jumapili iliyofuata hakutuma kitu. Na ile nyingine pia. Baadaye ukaja ujumbe wa maandishi: "Bonsoir grande sœur. Je vais bien. Maman va bien." Ni Kifaransa cha daftari la shule, hakina kosa hata moja. Hakikuwa na kuku ya jirani wala mvua. Nilipompigia mama kuuliza kuna nini, alisema, "Anaogopa. Anasema Kiswahili yake haiko muzuri, ya kwako njo ya kweli."

Nimefanya kazi ya darasa lile lililonicheka, na nimeifanya kwa mtoto, tena bure.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu aandike anavyojisikia. Ninasomea ualimu wa Kiswahili, najua mtihani wa taifa hausahihishwi kwa huruma. Mwanafunzi wangu akiandika "kitabu ya picha" kwenye insha atapoteza alama, na nikimwacha aende hivyohivyo nitakuwa nimemdhulumu. Kiswahili sanifu kimenipa mimi mambo mengi. Kinaniwezesha kukuandikia hapa ukanielewa, uwe umetoka Mtwara au Bukoba. Ninachokikataa ni lile neno "kibovu". Kiswahili cha Kongo kibovu. Nimelisikia kwenye foleni ya chakula, nimelisikia semina, na mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu aliwahi kusimama akasema Kiswahili chetu "hakina sarufi".

Hebu tuitazame sarufi. Mdogo wangu akisema "mama anauza dagaa", maana yake mama yuko sokoni sasa hivi. Akisema "mama anauzaka dagaa", maana yake ndiyo kazi yake ya kila siku. Hachanganyi. Hajafundishwa na mtu, na hachanganyi. Hiyo ni sarufi, ndugu yangu, labda kama sarufi ni kitu kinachoanzia Ubungo.

Na kuna jambo la kuchekesha zaidi. Fungua kundi la darasa letu kwenye simu sasa hivi. "Mi huwa nasomaga usiku." "Huyu dokta hachelewagi." "Kwani we unakulaga wapi?" Hiyo -ga mnayoitumia kutwa ina kazi ileile ya -ka ya mdogo wangu. Kiambishi cha mazoea cha namna hiyo kimo katika lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma na Kinyamwezi zikiwemo, kimo tangu zamani, na kila Kiswahili kinachokaa jirani na lugha hizo kimekiokota. Tofauti ni kwamba anayesema "nasomaga" ana kitambulisho cha chuo shingoni, kwa hiyo ni utani wa vijana, na anayesema "anasemaka" ni Mkongo, kwa hiyo ni ujinga.

Kitu hiki nilikitambua kwa aibu, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye shule ninayofanyia mazoezi nina madarasa mawili ya kidato cha pili, kila moja lina wanafunzi zaidi ya sabini. Nilikuwa nasahihisha insha usiku, nikafika kwa binti mmoja aliyehamia Dar kutoka Shinyanga. Ameandika: "Siku za mnada huwa tunaendaga na babu kuuza mbuzi." Nikaizungushia "tunaendaga" duara, nikaandika pembeni "KOSA". Nikafika daftari la kumi na mbele zaidi ndipo nikasimama. Nilirudi nikalitafuta lile daftari. Kwa duara langu lile, insha nzima ya mnada, babu na mbuzi wake ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimesoma kiambishi tu.

Kesho yake nilijaribu kitu. Niligawa ubao mara mbili. Upande mmoja nikaandika "Tunavyosema nyumbani", upande wa pili "Tunavyoandika kwenye mtihani". Nikaanza na yangu mwenyewe: mayi, maji. Nikawasimulia habari ya mayai mawili. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Kisha wakaanza wenyewe. Mtoto wa Kigoma alileta la kwao, mtoto wa Pemba akaleta la kwao, wakabishana, ubao ukajaa. Yule binti wa Shinyanga alisema "tunaendaga" kwa sauti, akaja mwenyewe kuandika "huwa tunakwenda" upande wa pili. Sitawadanganya kwamba baada ya hapo wote walipata. Jaribio lililofuata wengi waliendelea kukosea upatanisho kama kawaida. Lakini hakuna aliyenyamaza, na mtoto anayeongea unaweza kumfundisha.

Watu wa historia wanaweza kunisaidia hapa. Kiswahili hakikufika Katanga kwa bahati mbaya. Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, alikuwa mtu wa Unyamwezi, wa hapahapa kwenu, na wafanyabiashara wa misafara walipita kwake wakifuata shaba na pembe. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya migodi, ukiitwa Elisabethville, na wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Watu wasioelewana lugha walikaa kambi moja, wakashuka shimo moja, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuambiana "jiwe linaanguka". Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Leo katiba ya Kongo inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Na hicho mnachokiita sanifu nacho kilichaguliwa: ni Kiunguja kilichosanifishwa na kamati ya lugha ya wakati wa Waingereza, iliyoanza kazi mwaka 1930. Ingechaguliwa Kimvita, leo wengi wa wanaocheka wangekuwa wanachekwa.

Tarehe 7 Julai tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Ilikuwa sherehe nzuri, kulikuwa na ngonjera na pilau. Kila aliyepanda jukwaani alitaja kwamba Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, hesabu ambayo hata UNESCO huitaja, na kila ilipotajwa tulipiga makofi. Nilipiga makofi na mimi. Kisha nikajiuliza hao milioni 200 tumewapata wapi. Tukihesabu wanaosema "kitabu cha picha" peke yao hatufiki hata karibu. Idadi hiyo inafika huko kwa sababu imewachukua mama zetu wa sokoni, madereva wa Kasumbalesa, watoto wa Bukavu na Bujumbura na Kampala. Mdogo wangu yumo. Siku ya sherehe tunamhesabu, siku ya darasa tunamcheka.

Wenzangu wa elimu, ninyi ndio nawaandikia zaidi. Mwakani tutakuwa Tandahimba, Kasulu, Ukerewe. Mtoto atakuja na Kiswahili cha bibi yake. Shule niliyosoma mimi mtoto akisikika anasema Kiswahili uwanjani alivalishwa kibao shingoni, maana lugha ya shule ilikuwa Kifaransa. Ninayofundisha sasa ina tangazo mlangoni la kutaka Kiingereza tu. Kwa hiyo mtoto wa kwetu anafukuzwa kwenye Kiswahili kwa sababu si Kifaransa, wa hapa anafukuzwa kwa sababu si Kiingereza, halafu akija kwetu sisi walimu wa Kiswahili, mahali pekee alipotegemea kupokewa, tunamwambia na hiki chako sicho. Aende wapi? Mdogo wangu kapata jibu lake. Ana miaka 11 na ameshahama.

Naombeni kitu kidogo tu. Kwenye daftari, badala ya "KOSA", andika namna inavyoandikwa kwenye mtihani, halafu sema neno moja kuhusu habari yenyewe. Mwulize yule mbuzi aliuzwa shilingi ngapi. Na kwenye foleni ya chakula, kama huwezi kuacha kumcheka Mkongo, angalau acha kwanza kusema "naendaga".

Safari yenyewe ni ndefu: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu kuikata Zambia yote nyuma ya malori ya shaba, mpaka Kasumbalesa, na kutoka hapo kama kilomita 90 nyumbani. Kule sasa ni msimu wa baridi ya usiku, nimeazima sweta. Kitabu cha picha nimekinunua, kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Nimenunua na daftari tupu la kurasa 96, na nataka yeye ndiye anisimulie, mimi niandike kama anavyosema, bila kugusa kitu, kuanzia ile kuku ya jirani iliyopotea. Sijui kama atakubali.

Jana usiku nilijirekodi. Nilitaka nimwambie kwa lugha yetu kwamba ninakuja. Mara ya kwanza mdomo ukasema "ninakuja". Nikafuta. Mara ya pili ukasema "watoto". Nikafuta. Mwenzangu wa chumbani aliniambia nilale, kesho kuna vipindi. Mara ya tano hivi ikatoka: "Yaya anakuya siku ya ine. Aambie batoto ya hapa." Ilisikika kama ya mtu anayeigiza, lakini niliituma.

Ameisikiliza, alama za bluu zimetokea. Hajajibu bado.