Kutengeneza Kurasa za Wavuti Si Mali ya Wenye Vyeti



Kuna maneno yanayosemwa majumbani mwetu, kuanzia Buyenzi hadi Nyamirambo, nasi tunaona ni wajibu kuyapinga. Kijana akitaka kujifunza kutengeneza ukurasa wa wavuti huambiwa: "Hiyo kazi ya waliosomea usanifu. Wewe umesomea wapi?" Hiyo si nasaha, ni kufuli.

Tuulizane: aliyebuni wavuti alisomea nini? Tim Berners-Lee alisoma fizikia Oxford, akamaliza mwaka 1976. Kurasa zake za mwanzo, zilizofunguliwa kwa watu mwaka 1991 kutoka CERN, zilikuwa maandishi na viungo tu. Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia kazi hiyo bila ada. Kilichotolewa bure, sisi tunawazuilia watoto wetu!

Hatusemi chuo hakina faida. Anayetaka ubingwa na asome. Lakini misingi si siri. Mwaka 1994 Robin Williams, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu kwa ajili ya wasiosomea usanifu, chenye kanuni nne: yanayohusiana yakae karibu, kila kitu kifuate mstari, mtindo urudiwe, na vinavyotofautiana vitofautiane waziwazi. Mwalimu anayepanga ubao wake vizuri anazitumia tayari.

Vifaa navyo? Kijana akiandika HTML kwenye Notepad, akahifadhi faili lenye mwisho wa .html na kulifungua kwa kivinjari, ukurasa upo, hata intaneti isipokuwepo. Akitaka aya ya Kiarabu ianzie kulia, huongeza dir="rtl". Je, hilo lahitaji cheti?

Watasema: "Asiyesoma atatengeneza kitu kibaya." Ni kweli, tumeona herufi za njano juu ya karatasi nyeupe. Lakini dawa yake ni kipimo. Kanuni za WCAG zinataka maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake vitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na zana za kupimia zipo bure. Hilo hufundishika.

Hasara ya kufuli hili tunaiona. Kurasa za jumuiya zimebaki na ratiba ya Ramadhani ya mwaka juzi, kwa sababu fundi aliyelipwa ameondoka na hakuna anayejua kubadili hata tarehe. Pesa zimekwenda, ujuzi haukubaki.

Basi wazazi, mwenye kompyuta nyumbani ampe mwanawe saa moja kila wikiendi. Aanze na ratiba ya masomo ya madrasa: kichwa cha habari, jedwali, rangi mbili, basi. Akikosea, mwonyesheni mstari uliopinda, msimvunje moyo. Na anayemuuliza cheti kiko wapi, aonyeshwe ukurasa.

Wabillahi tawfiq.