Ufagio Kwanza, Chaki Baadaye

Kila mwaka matangazo ya nafasi za kujitolea Ulaya yakianza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa chuoni, simu yangu haitulii. Watu wanajua nilikaa Ujerumani mwaka mzima kabla ya kuanza shahada. Maswali ni yale yale: hela ya mfukoni inatosha? Baridi inavumilika? Viza wanatoa kirahisi? Yote ni maswali ya msingi na huwa nayajibu. Ila kuna moja ambalo sijawahi kuulizwa, na kwangu ndilo kubwa: kwenye nyumba ya wenyeji utaishi kama nani? Mgeni, au mtoto wa pale?

Msimamo wangu ni huu. Mtu anayekwenda kujitolea nchi ya watu anatakiwa awe mtoto wa nyumba kwanza, kabla hajawa mwalimu wa mtu yeyote. Na sisi hapa kwetu, pamoja na ukarimu wetu wote, tunawafanyia kinyume vijana wanaotoka nje. Tunawanyima ufagio nyumbani, halafu tunawapa chaki shuleni.

Nimekulia Mwanza. Mji wetu una udugu na mji wa Würzburg, kusini mwa Ujerumani, tangu 1966, kwa hiyo habari za Wajerumani kwetu si ngeni sana. Mwaka 2008 serikali yao ilianzisha programu ya weltwärts, ya kupeleka vijana wao kujitolea katika nchi kama yetu. Kwa miaka ya mwanzo njia ilikuwa ya upande mmoja: wao walikuja, sisi tulipokea. Tangu 2013 ukafunguliwa na mlango wa pili, vijana wa kwetu nao wakaanza kwenda. Mimi nilipita mlango huo nikiwa na miaka 19, baada ya kidato cha sita. Nilipangiwa kazi kwenye chekechea, na makazi kwa familia moja ya baba, mama na watoto wawili.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule hawakusubiri hata hiyo ya tatu. Asubuhi yangu ya kwanza mama mwenyeji alinionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Jumanne kupika, Ijumaa kutoa taka, Jumamosi kusafisha bafu la juu. Baada ya hapo akanikabidhi ufunguo wa nyumba. Vyote viwili, zamu na ufunguo, nilivipata ndani ya dakika tano.

Nilipomsimulia mama yangu kwenye simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, wamekufanya hausigeli?"

Swali la mama ni la haki, na anayefikiria kwenda asilipuuze. Wapo vijana wanaofika nchi za watu wakageuzwa watumishi wa bure. Jibu nililompa ndilo ninalowapa na wenzangu: angalia ile karatasi ya zamu ina majina ya nani. Yangu ilikuwa na jina la baba mwenyeji, aliyekuwa anadeki jikoni kila Alhamisi. Ilikuwa na la kijana wao wa miaka 14 na la mdogo wake wa miaka 10. Kama majina ya wote yapo, wewe ni mtoto wa nyumba. Kama lipo lako peke yako, hiyo ni kazi isiyo na mshahara. Mpigie mratibu wako siku hiyo hiyo, usione aibu.

Sasa ule ufagio ulinifundisha nini? Kwanza, lugha. Kijerumani cha darasani kilinitosha kujitambulisha na kununua tiketi ya basi. Kile cha kuishi nilikipata jikoni, nikimenya viazi na yule mtoto wa miaka 10, ambaye alinirekebisha bila huruma kila nilipotaja jina la kitu. Pili, utaratibu wa nyumba. Taka hazitupwi pamoja: karatasi kivyake, vifungashio kivyake, mabaki ya chakula kivyake. Chupa za kioo zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani na kutengwa kwa rangi. Chupa nyingi za plastiki za maji na soda unazirudisha dukani na kupewa senti 25 kwa kila moja. Saa 4 usiku kelele zinaisha. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, na jirani hategemei kusikia mtu anatoboa ukuta. Hata kwenye baridi kali madirisha yanafunguliwa wazi dakika chache ili hewa ibadilike. Chakula cha jioni mara nyingi ni mkate na jibini, hakuna kilichopashwa moto, na hakuna anayeona kwamba amelala njaa.

Ukiyasikia hivi yanaonekana mambo madogo. Lakini hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yanafundishwa kule chekechea. Mtoto wa miaka 4 aliponiuliza kopo tupu la mtindi liende pipa gani, nilikuwa na jibu, kwa sababu Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yangu ya taka. Nyumba ndiyo iliyoniandaa kwa kazi.

Na mtoto wa nyumba hapokei tu, analeta na vya kwao. Wenyeji wangu walitaka niwaite kwa majina yao ya kwanza, kama wafanyavyo wengi kule. Mtu wa umri wa mama yangu nimwite jina tupu? Ulimi ulikataa. Nikawaeleza kwamba kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Tukakubaliana hivyo, Mama Fulani na Baba Fulani, na hadi naondoka majirani wawili walikuwa wameshaiga. Kama ningeishi pale kama mgeni, ningeita nilivyoambiwa, basi.

Kule kazini utaratibu ulikuwa mwingine kabisa. Ufagio wa nyumba nilipewa siku ya kwanza, lakini watoto wa chekechea sikukabidhiwa. Kwanza ilitakiwa hati ya polisi kuonyesha kwamba sina rekodi ya uhalifu. Halafu miezi ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kupanga meza, kukata matufaha, kufunga kamba za viatu na kukaa pembeni nikitazama walezi wenye taaluma wanavyozungumza na mtoto anayelia. Kwa mwaka mzima kuna siku 25 za semina, nazo ni sehemu ya programu. Nilipokuja kuruhusiwa kuongoza kipindi kifupi cha nyimbo na ngoma, mlezi alikuwa amekaa chumbani mle mle. Baadhi ya wenzangu waliokuwa wanajitolea waliona hawaaminiki. Leo nasoma ualimu, na naona wale walezi walikuwa wanafanya kazi yao.

Tuje nyumbani. Binti wa Kijerumani au wa Kiingereza, miaka 18, ametoka sekondari juzi, anafika Mwanza. Nyumbani anawekewa sahani yake ya pekee. Watoto wanahamishwa chumba. Akigusa ndoo, mtu anamkimbilia kumpokea. Mwezi wa nne unafika hajui kuwasha jiko la mkaa wala kufua nguo zake kwa mikono, na Kiswahili chake kimeishia kwenye "mambo" na "poa", kwa sababu hakuna kazi inayomlazimu kuzungumza na mtu.

Shuleni sasa! Mwaka jana nilikwenda TP kwenye shule moja ya msingi, nitaihifadhi jina. Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, sikuingia darasani bila azimio la kazi na andalio la somo, na msimamizi alikaa nyuma akiniandikia maksi. Darasa la jirani alikuwepo kijana aliyetoka nje kujitolea, amekabidhiwa Kiingereza cha darasa la tano, watoto zaidi ya 70, katika wiki yake ya kwanza. Hana andalio, hana msimamizi. Wakati wa chai aliniambia kwamba kwao hajawahi kumfundisha hata mdogo wake, na kwamba usiku halali kwa hofu ya kesho. Simlaumu. Aliomba kusaidia, akapewa kubeba. Kwenye shule hiyo hiyo alikuwepo kaka yetu mwenye shahada ya ualimu, anayejitolea kwa posho ya nauli huku akisubiri ajira. Yeye alipewa zamu ya kusimamia usafi.

Nani anaumia hapo? Wale watoto 70. Wakifika darasa la saba, mtihani hautawauliza nani aliwafundisha.

Najua kuna watakaosema ukarimu ni utamaduni wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini na jembe ni letu pia. Mwalimu Nyerere aliitumia methali ile ya jembe katika andiko lake la Ujamaa la 1962, akieleza kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alifanya kazi, mgeni hakuachwa nje. Kumpa mtu kazi ya nyumba ni kumwambia kwamba sasa ni mwenzetu. Kumkalisha kwenye kochi miezi 12 ni njia ya adabu ya kumwacha mlangoni.

Wengine watasema walimu hawatoshi, tusichague msaada. Mimi sisemi tuwafukuze. Wakae na watoto watano watano wakisoma kwa sauti. Wasaidie maktaba. Waendeshe klabu baada ya vipindi, mwalimu akiwepo. Wakishajua lugha na wakapata mafunzo, ndipo tuzungumzie darasa. Mbona Wamarekani wa Peace Corps, waliofika Tanganyika mwaka 1961, wameweka utaratibu wa kukaa kwanza wiki kadhaa na familia, wakijifunza Kiswahili na kazi za nyumbani, kabla ya kupelekwa vituoni? Inawezekana.

Tuseme na lile tunalolikwepa. Angekuja kijana wa miaka 18 kutoka Burundi au Malawi, asiye na cheti chochote, hakuna mwalimu mkuu ambaye angempa darasa la tano. Tunamwona mzungu, tunaamini hawezi kudeki lakini anaweza kufundisha. Yote mawili si kweli.

Kwa hiyo, wewe unayejaza fomu mwaka huu: ukifika, ulizia zamu yako ya vyombo kabla ya kuulizia neno la siri la Wi-Fi. Wewe ambaye nyumbani kwenu mnapokea kijana kutoka nje: mwambie mama amwandike kwenye zamu pamoja na ninyi, na akideki vibaya mwelekezeni kama mnavyoelekezana. Na sisi tunaosomea ualimu, ambao baada ya miaka michache tutakuwa ndani ya ofisi za walimu: siku mkuu wa shule atakapompa mgeni chaki kwenye wiki ya kwanza, tuinue mkono tuseme hapana, akae nyuma kwanza atazame.