Mbio za sakafuni: Nani abebe hasara injini ya gari la mtumba inaponoki?

KATIKA barabara zinazopanda na kushuka vilima vya Gusii, mfalme asiyepingwa ni Toyota Probox. Ndilo gari linalobeba abiria, ndizi na mizigo ya kila aina kutoka Keroka, Kebirigo na Suneka hadi mjini Kisii, na fundi yeyote kando ya barabara anajua kulirekebisha.

Hata hivyo, gari linalotamaniwa na kijana aliyepata ajira karibuni si Probox. Ni Subaru yenye turbo, au Toyota Mark X yenye injini ya silinda 6, ambayo ngurumo yake husikika kabla ya taa zake kuonekana.

Ni tamaa ambayo haina kosa. Lakini gari la aina hii linaponunuliwa likiwa limekwisha kupitia mikono ya watu wanne au watano, na injini ikanoki kabla ya mwezi kwisha, huzuka swali ambalo wauzaji, madalali na hata baadhi ya mawakili huliepuka: Ni nani anayepaswa kubeba hasara?

Kwa wanunuzi wengi jibu huwa moja. Hulaumu bahati yao, huliegesha gari nyuma ya nyumba na kuendelea kulipa mkopo. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mambo huishia hapo.

Uzito wa jambo hili huonekana kwenye hesabu. Chukua mfano wa mwalimu aliyekopa Sh900,000 kutoka kwa chama cha ushirika ili anunue gari, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, alipe kwa miezi 36. Kila mwezi atakatwa takriban Sh29,900.

Injini ikifa katika wiki ya tatu, makato hayo hayasimami hata siku moja. Gari likilala gereji miezi mitatu huku akitafuta injini nyingine, atakuwa amelipa karibu Sh90,000 kwa chombo kisichotembea. Isitoshe, wafanyakazi wenzake waliomdhamini nao huanza kukosa usingizi.

Wala bima haimwokoi. Hata bima kubwa, ambayo hulipia ajali, wizi na moto, kwa kawaida haifidii uchakavu wala hitilafu za kimitambo.

Ili kuelewa kwa nini magari haya huwaangusha wanunuzi, ni sharti kutazama soko lilivyo. Kwa mujibu wa kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, magari yaliyoruhusiwa ni yale ya kuanzia 2018, na mpaka huo husogea mbele kila Januari.

Wakati huo huo, magari yenyewe yamekoma kuundwa. Toyota ilifunga utengenezaji wa Mark X mwishoni mwa 2019. Mwaka huo huo, Subaru ilitangaza toleo la mwisho la WRX STI yenye injini ya EJ20 katika soko la Japani, magari 555 pekee.

Maana yake ni kwamba mlango wa kuagiza magari haya kutoka ng'ambo unafungwa. Mengi yanayouzwa leo ni yale yaliyokwisha kusajiliwa nchini miaka mingi iliyopita, yenye nambari zinazoanza na KB au KC. Anayeyanunua hanunui tu gari la Japani, bali pia tabia za kila dereva aliyelikalia tangu lilipotoka bandarini Mombasa.

Ushuru nao huwasukuma wanunuzi huko huko. Ushuru wa bidhaa ni mkubwa zaidi kwa gari ambalo injini yake imezidi ujazo wa 1,500, hivyo basi gari la mbio lililokwisha kutumika nchini huonekana nafuu likilinganishwa na lile linaloagizwa.

Injini yenye turbo haivumilii uzembe. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno ikitegemea utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa si ya kiwango kinachofaa, beringi za turbo huanza kulika, na vipande vya chuma huweza kusafiri hadi ndani ya injini.

Katika injini nyingi za Subaru za zamani, maradhi hufuata njia zinazojulikana. Beringi za chini huchakaa na kuanza kugonga, jambo ambalo mafundi huliita kunoki. Gasketi ya silinda huvuja, maji yakapungua na injini ikachemka. Katika zile zinazotumia ukanda wa taimingi, ukanda huo ukikatika, vali hukutana na pistoni na kazi ikawa imekwisha.

Mark X nayo ina mambo yake. Injini yake ya lita 2.5 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na masizi huweza kujijenga juu yake. Dereva huona gari likitetemeka na kupoteza nguvu.

Kisha kuna mazingira yenyewe. Nyingi za Subaru za turbo ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani, si ile ya kawaida ya vituo vyetu. Kuipandisha injini kama hiyo mlima kutoka Kisii hadi Keroka kwa fujo, huku rejeta ikiwa imeziba nusu, ni kuitafutia kifo.

Ni haki basi kusema kwamba si kila injini iliyokufa ilikufa mikononi mwa muuzaji. Wapo wanunuzi ambao hulichukua gari Jumamosi na kufikia Jumapili wamekwisha kulikimbiza hadi ukingoni. Muuzaji anayeshtakiwa atasema hivyo hivyo, na mara nyingine atakuwa anasema kweli.

Sheria inasemaje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, inaanza na kanuni ya kale kwamba mnunuzi na ajihadhari. Lakini inaweka masharti mawili ambayo huchukuliwa kuwa sehemu ya mapatano hata yasipoandikwa.

La kwanza ni kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo kazi anayotaka bidhaa ifanye, na akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo lazima ifae kwa kazi hiyo. La pili ni kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo lazima iwe ya ubora unaouzika.

Kinga hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, humlenga mfanyabiashara, si jirani anayeuza gari lake la pekee. Pili, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Moshi wa samawati uliokuwa ukionekana na kila mtu haugeuki siri baada ya malipo.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iliongeza nguvu. Inamchukulia anayeuza kibiashara kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha, na haimruhusu kuifuta ahadi hiyo kwa maneno ya mkataba. Aidha, inaharamisha maelezo ya uongo kuhusu hali ya bidhaa na matumizi yake ya awali. Kipimo cha kilomita kilichorudishwa nyuma hakiwezi kuwa kitu kingine ila uongo wa aina hiyo.

Juu ya hayo yote imesimama Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidike nazo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Kwa hivyo, maneno "limeuzwa lilivyo na mahali lilipo", ambayo hupigwa mhuri kwenye mikataba mingi, si ngome isiyobomoka kama wauzaji wanavyodai. Dhidi ya mfanyabiashara yanaweza kupingwa. Na hata muuzaji wa kibinafsi hayamkingi iwapo alidanganya kwa makusudi.

Tatizo kubwa ni dalali. Katika biashara nyingi za mitaani, anayelisifu gari ni mmoja, anayepokea pesa kwa simu ni mwingine, na jina lililo kwenye logibuku ni la mtu wa tatu asiyewahi kuonekana. Injini inaponoki, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa anayejikuta katika hali hiyo, saa za kwanza ndizo zenye thamani. Taa ya oili ikiwaka au mgongo wa injini ukianza kugonga, gari lizimwe papo hapo na livutwe. Kilomita tano za kulisukuma hadi nyumbani huweza kugeuza ukarabati mdogo kuwa ununuzi wa injini nzima.

La pili ni kutoifungua injini kwa pupa. Fundi wa mtaani akishatawanya vipuri kwenye turubai, muuzaji atasema uharibifu ulifanyika hapo. Ni busara kumwarifu muuzaji kwa maandishi kwanza, kumpa nafasi ya kuja au kumtuma fundi wake, kisha injini ifunguliwe mbele ya fundi asiyeegemea upande wowote, picha zikipigwa na ripoti ikitiwa sahihi.

La tatu ni kuhifadhi ushahidi: mkataba, stakabadhi za M-Pesa, tangazo la mauzo, na ujumbe wa simu ambamo muuzaji aliapa kwamba gari halina hata kovu.

Wengi huogopa mahakama kwa sababu ya gharama na miaka ya kungoja. Hata hivyo, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ilileta njia fupi. Mahakama hiyo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka 2021 kabla ya kuenezwa kwingine, husikiza madai ya mauzo ya bidhaa yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Dai likizidi kiwango hicho, mlango ni mahakama ya hakimu. Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo kote kuna mahakama, hivyo umbali si kisingizio.

Anayeamua kununua injini nyingine pia ajihadhari. Injini iliyotumika, iwe imetoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kwingine, lazima iwe na stakabadhi za asili yake, na mabadiliko ya nambari yaandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Bila hivyo, mwathiriwa wa leo huweza kuwa mshukiwa wa wizi kesho.

Lakini haifai mzigo wote kumwangukia mnunuzi. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa kutoka ng'ambo hupima kama linafaa kuwa barabarani, si kama injini itadumu. Rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyotolewa 2025, iliyopendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe, nayo inalenga usalama wa barabarani.

Nchi nyingine zimekwenda hatua mbele. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 humpa anayenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vingine. Afrika Kusini nayo, kupitia sheria yake ya 2008, ina dhamana ya miezi sita.

Kenya ina haki zilizoandikwa vizuri lakini haina muda uliotajwa wala kanuni inayomtwika muuzaji mzigo wa kuthibitisha. Mwalimu wa Nyamira hulazimika kuthibitisha kilichokuwa kikitendeka ndani ya chuma kilichofungwa, siku ambayo yeye hakuwapo.

Bunge likitaka, pengo hilo linaweza kuzibwa kwa marekebisho mafupi: muda maalumu wa dhamana kwa magari yanayouzwa na wafanyabiashara, usajili wa madalali, na rekodi ya kilomita inayoandikwa NTSA kila gari linapobadilisha mmiliki.

Hadi hapo, kinga ya bei rahisi zaidi ni kumlipa fundi anayezijua injini hizi alikague gari likiwa baridi, apime kompresheni, atazame oili na kulisoma kwa kompyuta kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Muuzaji anayekataa ukaguzi huo amekwisha kujibu swali.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa wengi katika vilima vya Gusii, ukingo huo umekuwa gari maridadi lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba, na hati ya mshahara inayoendelea kukatwa kila mwisho wa mwezi.