Risasi Itolewe Kwenye Koki za Maji

Koki nyingi zinazong'aa kwa kromiamu ni brasi kwa ndani, na brasi hiyo mara nyingi si shaba na zinki peke yake. Zinki isipozidi takriban asilimia 35 huyeyuka yote ndani ya shaba, na brasi huwa laini, hukubali kufuliwa ikiwa baridi. Ikizidi hapo huzuka fuwele za aina ya pili, ngumu, zinazotaka moto kwanza. Risasi ina tabia nyingine kabisa: haichangamani na metali hizo, hubaki vitone vidogo vilivyotawanyika. Mkereza huvipenda vitone hivyo kwa sababu maranda ya metali hukatika mafupi badala ya kujisokota kwenye kisu, na kisu chenyewe hulainishwa. Kwa hiyo brasi ya kukereza hutiwa risasi karibu asilimia 3. Tuliseme wazi: risasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya mashine, lakini anayeinywa ni mtoto.

Watengenezaji husema imefungwa ndani ya metali. Hoja hiyo haisimami, maana kisu kinapopita huipaka juu ya uso uliokatwa, na maji yaliyolala usiku kucha ndani ya koki, hasa ikiwa mpya, huichukua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, nalo linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo unaokua. Watafiti waliopima maji ya vijijini Ghana, Mali na Niger waliikuta risasi, na vipuri vya brasi vilikuwa miongoni mwa vyanzo. Marekani, ambayo sheria yake ya 1986 iliruhusu hadi asilimia 8 na bado kifaa kikaitwa kisicho na risasi, ilishusha kikomo Januari 2014 hadi wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazoguswa na maji.

Pingamizi zito ni gharama, na lina ukweli. Ikiwekwa badala ya risasi, silikoni ya asilimia 3 hivi huzaa chembe ngumu zinazovunja maranda, ila humaliza visu upesi. Hata hivyo brasi yake ni imara zaidi, tena hustahimili vizuri maji yanayonyonya zinki na kuacha shaba yenye matundu. Bismathi nayo hurahisisha ukerezaji, lakini ikiingia kwenye chakavu cha kawaida huifanya brasi ipasuke ikifuliwa moto, na mnunuzi wa chakavu hawezi kuitambua kwa macho. Kutenganisha chakavu ni kazi halisi, na lazima ilipiwe. Wala sitaki brasi ya risasi ipigwe marufuku kote. Bawaba na kufuli hazipitishi maji ya kunywa. Nataka mashirika yetu ya viwango yapime maji ya kwanza ya asubuhi kutoka koki mpya, kiasi cha risasi kiandikwe kwenye boksi, na zabuni za shule na zahanati ziwe za kwanza kukataa koki isiyo na maandishi hayo.