Kungoja punguzo na kungoja dhiki ya jirani

Kila mwaka masika yanapoingia, na njia za kupanda upande wa Meru zinapogeuka tope, huja swali lile lile kutoka kwa wanaotaka gari kubwa: tununue sasa, au tungoje bei ishuke? Mwaka huu limeulizwa na familia mbili za msikitini kwetu. Mara ya tatu likaulizwa ndani ya kamati yenyewe, kwa kuwa tulikuwa tukitafuta gari la kubebea jeneza na kuwapeleka walimu katika madrasa za juu, ambako mwezi wa Aprili gari dogo halifiki. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu swali hili lina pande mbili na aghalabu watu huutazama mmoja tu.

Nianze na upande wa hesabu, maana ndio unaopendwa. Nchini Marekani, ambako magari makubwa ya familia kama Chevrolet Suburban huuzwa mapya kwa wingi, kungoja ni desturi yenye kalenda yake. Kiwanda hutoa toleo la mwaka mpya, na muuzaji aliyebakiwa na toleo la mwaka uliopita hulipunguza bei ili apate nafasi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, General Motors ilitangaza mikopo isiyo na riba ili watu wasiache kununua. Juni 2005 ikawauzia wateja wote kwa bei ya wafanyakazi wake. Watu walimiminika, kisha ilipofika vuli mauzo yakaporomoka, kwani wenye nia walikuwa wamekwisha kununua, na waliobaki walikwisha jifunza kungoja punguzo jingine. Kampuni hiyo iliingia katika ufilisi Juni 2009. Sisemi kwamba punguzo ndilo lililoifilisi. Nasema kwamba lile lilikuwa punguzo la kweli: mwenye mali na mwenye nguvu ametazama hesabu zake, akaamua kwa hiari kuachia sehemu ya faida yake. Kumngoja muuzaji wa namna hiyo hakuna lawama.

Huku kwetu, gari ambalo watu wa mjini huliita shangingi halina muuzaji wa aina hiyo. Land Cruiser ya toleo la 300 ilipotoka mwaka 2021, maagizo yaliuzidi uwezo wa kiwanda hata Toyota ikatangaza Januari 2022 kwamba mteja angeweza kungoja kiasi cha miaka 4. Wauzaji wa Japani wakawataka wanunuzi watie saini ahadi ya kutoliuza tena ndani ya mwaka mmoja. Anayengoja bei ya gari kama hilo ishuke na angoje, ila asiuze baiskeli yake.

Wengi wetu hununua gari lililotumika, linaloletwa kwa meli kutoka Japani mpaka Dar es Salaam. Hapa ndipo hesabu ya kungoja inapowaponyoka watu. Kampuni ya kule hutangaza punguzo la dola 500, na mtu akafurahi. Punguzo hilo lahusu bei ya gari peke yake. Juu yake kuna nauli ya meli na bima, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ambayo hukokotolewa baada ya ushuru kujumlishwa. Tena Mamlaka ya Mapato ina thamani zake katika kikokotoo chake, kwa hiyo ulichopunguziwa Yokohama si lazima kikupunguzie kodi.

Kisha upo umri wa gari. Kenya hairuhusu kabisa gari la zaidi ya miaka 8 kuingia. Tanzania huliruhusu, lakini gari la abiria likiwa na miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na likizidi 10 huwa asilimia 30. Umri huo huhesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Chukua gari lenye thamani ya dola 20,000 bandarini: kuvuka mmoja wa mistari hiyo kwaweza kukuongezea zaidi ya dola 3,500, ukijumlisha na kodi inayopanda juu yake. Basi mtu aliyengoja kuanzia Oktoba ili apate dola 500, akaja kuagiza Januari, amelipa mara saba ya alichokitafuta. Na dola nayo haitulii: mwaka 2024 ilipanda hadi karibu shilingi 2,700, na kufikia Desemba ikateremka karibu na 2,400. Nani aliyejua?

Kuna gharama nyingine ambayo Mwislamu hapaswi kuisahau. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya gari bado ni fedha. Ikifika kiwango cha nisabu na ikapitiwa na mwaka wa mwandamo mikononi mwako, ina zaka, hata kama umekwisha liona gari moyoni mwako na kulipa jina. Aliyeweka shilingi milioni 50 na akangoja mwaka mzima atatoa milioni 1 na laki 2 na nusu. Hiyo ni haki ya maskini na haina majuto ndani yake, ila iingie katika hesabu. Mama mmoja aliniambia kwamba mumewe amelingojea punguzo kwa miaka miwili, ilhali watoto wanne wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Nilipomwuliza kama wamewahi kuandika nauli ya miaka miwili katika karatasi, alicheka. Alikuwa ameiandika. Mumewe ndiye hajaisoma.

Kuhusu mkopo nitasema neno moja. Riba ndogo inayotangazwa kuwa ni ofa haiwi punguzo kwa sababu ya udogo wake. Tangu mwaka 2011 nchi hii ina Benki ya Amana, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu, ambako benki hulinunua gari kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana na kulipwa kidogo kidogo. Mwenye haja aende akaulize.

Sasa nije upande wa pili, ambao Arusha inauhusu kuliko mji mwingine wowote nchini.

Mji huu unaishi kwa magari makubwa. Land Cruiser zinazokatwa na kurefushwa katika karakana zetu, zikawekewa paa la kuinuka na viti vya wageni, ndizo zinazoelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Wageni hupungua Aprili na Mei kwa ajili ya mvua, na hurejea kwa wingi kuanzia Juni. Kampuni kubwa hutumia miezi hiyo kukarabati. Mwenye gari moja au mawili hana akiba ya namna hiyo, wala marejesho ya benki hayangoji mvua ikatike. Kwa hiyo kila Mei yapo magari yanayouzwa chini ya thamani yake, na kila dalali wa mjini anayajua.

Mwaka 2020 sote tuliliona hili kwa ukubwa wake. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, naye alikuwa hapa Arusha. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa hadi katikati ya Mei. Watalii waliokuwa zaidi ya milioni 1 na laki 5 mwaka 2019 wakawa kama 620,000 mwaka ule. Magari yaliota nyasi uani. Waliokuwa na fedha taslimu walinunua kwa bei ya kutupa, na wapo wanaosimulia hadi leo kwa fahari jinsi walivyongoja wiki baada ya wiki mpaka mwenye gari akalegea.

Je, huko ni kungoja punguzo? Wanazuoni wetu wanalo jina la biashara hiyo: bai'u al-mudhtarr, mauziano ya aliyebanwa. Hadithi inayoikataza, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, ina udhaifu katika mapokezi yake, kwani mmoja wa wapokezi hajulikani. Hata hivyo Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, aliifafanua kwa namna ambayo fuqahaa wengi wameinukuu. Akazigawa hali mbili. Aliyelazimishwa kwa nguvu auze, mauzo yake hayasihi. Ama aliyebanwa na deni au matumizi, akauza kwa hasara, mauzo yake yanasihi, lakini haipendezi kwa muungwana kumnunulia hivyo: ilifaa asaidiwe, akopeshwe, apewe muda mpaka apate nafasi. Nataka msomaji atazame alivyoigawa. Hakusema ni haramu. Mnunuzi ana haki yake ya kisheria na kadi itabadilishwa jina bila tatizo. Jambo limewekwa katika muruwa, yaani katika utu wa mtu, na huko hakuna hakimu atakayekuita.

Yupo Sahaba aliyeuonyesha utu huo kwa kipando. Jarir bin Abdillah al-Bajali (r.a.) alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Siku moja mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300 na kumleta muuzaji aje achukue fedha yake. Jarir akamtazama farasi, akamwambia muuzaji kuwa farasi wake ana thamani kubwa zaidi. Je, angekubali 400? Kisha akapandisha tena, na tena, mpaka akamlipa 800. Kisa hiki amekipokea Tabarani, na Imamu Nawawi amekitaja katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim. Sijasikia dalali yeyote wa Arusha akikisimulia.

Narudi kwenye kamati. Tuliletewa Land Cruiser ya jirani yetu mwenye magari mawili. Alitaka milioni 70. Dalali akatuvuta pembeni na kutushauri tusitoe jibu hadi katikati ya Mei, kwa kuwa alijua tarehe ya benki na alijua kwamba marejesho mawili yalikwisha pita. Kwa hakika, alisema, jamaa atashuka hadi 50. Wajumbe waligawanyika, na ni haki kusema kwamba waliotaka kungoja hawakuwa na tamaa ya nafsi zao. Fedha ile ni ya waumini. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alisema kwamba mwenye amana hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mali ya watu, na kwamba Jarir alitoa kutoka mfukoni mwake. Hoja hiyo ni nzito na haikujibiwa kwa haraka. Mwingine akaongeza kwamba muuzaji si Mwislamu, na ahadi ya Jarir iliwahusu Waislamu.

Hili la mwisho lilikuwa jepesi zaidi: aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inatosha kwa wasiotupiga vita, na jirani huyu ndiye aliyetuazima turubai misiba miwili mfululizo. Ama hoja ya amana, tulikubaliana kwamba mwenye amana hapaswi kulipa zaidi ya thamani, lakini pia halazimiki kuvizia chini ya thamani. Tukawatafuta mafundi wawili wasiojuana na wasiomjua mwenye gari. Mmoja akasema 64, mwingine 66. Tukatoa 65, na mwenye gari akakubali siku hiyo hiyo. Dalali alilipwa ujira wake, na akaambiwa na mwenyekiti, kwa upole, kwamba madeni ya watu si bidhaa ya kutuuzia.

Nawapa tahadhari moja wanaofikiria kununua gari la utalii kwa matumizi ya nyumbani. Baadhi ya magari haya huingia nchini kwa msamaha wa ushuru uliotolewa kwa ajili ya biashara hiyo. Yakihamia kwa mtu asiye na msamaha, ushuru ule waweza kudaiwa, na punguzo lako lote likaishia huko. Ulizeni Mamlaka ya Mapato kabla ya kutoa shilingi, na kama kadi iko benki, malipo yapitie benki ili deni lifutwe mbele ya macho yenu.

Letu halikuwa na msamaha. Kadi ilitoka benki baada ya wiki mbili. Viti vya nyuma vimekwisha ng'olewa, na mafundi wa Unga Limited wanatengeneza reli ya kuwekea jeneza. Paa la kuinuka tumeliacha lilivyo, kwa kuwa kulifunga ni gharama nyingine na mfuko wa kamati kwa sasa umekauka. Atakayependa kuchangia amwone mweka hazina baada ya swala ya Ijumaa.