Fungulieni muziki sebuleni

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Taarabu ikipigwa redioni, aliondoa mguu kwenye kanyagio, akanyanyua kidole: "Sikiliza ganuni inavyomjibu mwimbaji." Somo lilikuwa hilo tu, nami hadi leo siwezi kusikia wimbo bila kuitafuta ile ganuni, ala ya nyuzi.

Mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya Siti of Unguja. Huo ndio urithi, na kama baba yangu alivyonionyesha, hauhitaji ukoo maarufu.

Inaniuma kuona nyumba ambamo kila mtu, mzazi kwa mtoto, amejiziba masikio na visikilizio vyake. Wazazi wenzangu, fungulieni muziki mnaoupenda, usikike hadi jikoni, kisha waambieni watoto mnaupendea nini.