Haraka Iliyowezekana Gatuna

Oktoba 2019, mama mkwe wa shangazi yangu alifariki dunia Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Binti yake, yaani wifi ya shangazi, ameolewa Rwanda na ni raia wa huko. Angepanda gari asubuhi angefika kabla ya maziko. Hakufika. Serikali yake ilikuwa imewazuia raia wake kuvuka kwenda Uganda. Alimzika mama yake kwa simu. Kijana mmoja aliishika karibu na kaburi ili asikie sala.

Naomba msomaji aangalie tarehe. Miezi miwili kabla ya msiba ule, Agosti 21, Rais Kagame na Rais Museveni walikuwa wametia saini hati ya maelewano jijini Luanda, mbele ya marais wa Angola na Kongo. Waliahidi kwamba shughuli za mpakani, pamoja na kupita kwa watu na bidhaa, zingerejea haraka iwezekanavyo. Wakapeana mikono, picha zikapigwa. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 28, 2019, ulifunguliwa Januari 31, 2022. Hiyo ndiyo haraka iliyowezekana.

Nasoma shahada ya uzamili katika masomo ya amani na migogoro. Darasani tunachambua mikataba kifungu kwa kifungu, lakini mpaka ukitajwa tunaambiwa hilo ni suala la kiufundi, waachiwe watu wa forodha na uhamiaji. Nakataa. Mwanakijiji wa Kabale au Gicumbi hakualikwa Luanda. Mkataba kwake ni askari aliyesimama kwenye kizuizi. Akiruhusiwa kupita, amani ipo. Akirudishwa, hakuna saini itakayomshawishi.

Mfano tunaofundishwa sana wenyewe unanithibitishia hivyo. Ireland Kaskazini ilipata Mkataba wa Belfast Aprili 10, 1998. Wengi waliuona kwa macho pale vizuizi na minara ya wanajeshi ilipoondolewa, mtu akavuka kwenda kazini bila kusimamishwa. Uingereza ilipoamua mwaka 2016 kutoka Umoja wa Ulaya, swali la malori yakaguliwe wapi likageuka swali la amani. Ili barabara zibaki wazi, ukaguzi ukahamishiwa kwenye bandari zinazopokea bidhaa kutoka Uingereza. Hapo chama cha DUP kikalalamika kwamba sasa ni wao waliotengwa na nchi yao, na Februari 2022 kikajitoa serikalini. Serikali ya pamoja, tunda la mkataba ule, ikalala miaka miwili. Kama makaratasi ya forodha yanaweza kufanya hayo Belfast, kwa nini hapa kwetu tuyaite mambo madogo?

Najua jibu litakalotolewa: kila nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Ni kweli. Kigali ilidai raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda, na kwamba maadui zake wanahifadhiwa huko. Kampala ilikanusha, nayo ikalalamikia ujasusi. Madai ya namna hiyo hayapuuzwi. Lakini kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya maadui kilimkamata nani? Novemba 2019, baada ya Luanda, raia wawili wa Uganda waliuawa kwa risasi upande wa Rwanda wakituhumiwa kuvusha tumbaku kwa magendo. Ukifunga njia halali, watu watapita porini, na porini mchuuzi na muasi wanafanana gizani. Hapo usalama umeongezeka au umepungua?

Na Jumuiya yetu je? Nchi zote mbili ni wanachama wa Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Hata hivyo, upatanishi ulikwenda kwa Angola, ambayo si mwanachama, na kwa Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijajiunga. Sisi tunaoimba utangamano kwenye makongamano ya vijana tulikuwa wapi?

Ninachodai si kikubwa. Mkataba wowote kati ya majirani uandike katika ukurasa wake wa kwanza: lango gani litafunguliwa, tarehe gani, nani atapita na kwa karatasi ipi, na aliyerudishwa akalalamike wapi. Maneno "haraka iwezekanavyo" yapigwe marufuku. Aliyeyaandika anajua hayamfungi kwa lolote.

Mwaka 2022 wifi ya shangazi alivuka hatimaye. Shangazi anasema alikaa kaburini tangu asubuhi hadi alasiri, na nyasi zilikuwa zimeshaota. Alipoulizwa kama anafurahi kwamba nchi zimepatana, alijibu kwamba yeye alikuwa hajagombana na mtu.